Katalogi mbili za nyota zinapishana? Anza na ukubwa wa tofauti

Wiki iliyopita dogo mmoja yuko Tabora kanitumia faili lake la Excel, kachukua mahali pa nyota mia mbili na kitu kutoka katalogi ya satelaiti ya Hipparcos na hizo hizo kutoka Gaia DR3 (toleo la tatu la satelaiti ya Gaia), katoa moja kwa nyingine na namba hazilingani, zingine zimeachana sekunde moja ya pembe zingine dakika nzima (digrii moja ni dakika 60 za pembe, dakika moja ni sekunde 60), na chini kaandika "kaka moja kati ya hizi ni feki, nitumie ipi?" Swali hili nalipata sana, mi mwenyewe miaka ya nyuma lilinikosesha usingizi hapa Kigoma, kwa hiyo naandika yote kwa pamoja, dalili na kinachosababisha, ili mtu akikwama arudi hapa.

Feki hakuna. Kama ushawahi kuchukua koordineti kwenye ramani ya zamani ya upimaji ukaziingiza kwenye GPS ya simu utakuwa umeliona hili hapa hapa chini ardhini, unajikuta umesimama karibu mita 300 kutoka pale ulipotaka, na waliopima hawakukosea kitu, ramani ile imejengwa juu ya Arc 1960 na simu yako inatumia WGS84. Angani ni vile vile ila kuna kitu cha zaidi, nyota zenyewe zinatembea. Namba ya mahali pa nyota haikwambii chochote mpaka ujue imepimwa kwenye gridi ipi, nyota ilikuwa pale tarehe gani, na imeandikwa kwa kipimo gani. Haya matatu ndo yanabeba karibu matatizo yote utakayokutana nayo.

Kabla ya kumshuku yeyote, pima tofauti

Watu wengi wanaona namba mbili hazifanani wanaanza kubadilisha vitu hovyo kwenye programu, hapana, tulia kwanza. Chukua raiti asensheni ya katalogi ya kwanza toa ya pili (sote tunaiandika RA, ni kama longitudo ya angani, na deklinesheni ni kama latitudo), hakikisha zote ziko kwenye digrii, zidisha na kosaini ya deklinesheni, zidisha 3600, hapo una tofauti ya mashariki-magharibi kwa sekunde za pembe. Deklinesheni toa moja kwa moja na zidisha 3600. Halafu chora mishale, kila nyota na mshale wake kuonyesha imesogea wapi na kiasi gani, hata kwa penseli kwenye karatasi ya hesabu inatosha.

Mishale ndo itakayokwambia. Ikiwa yote imeelekea upande mmoja na urefu unafanana, shida ni ya gridi. Ikiwa imetulia karibu yote halafu chache zimeruka kila moja na upande wake, shida ni ya tarehe. Ikiwa inakua kadiri unavyoenda kusini, mshuku kosaini. Ikiwa ni moja tu basi shida ni ya nyota yenyewe au umeshika nyota siyo. Nimesaidia watu wengi kwa kuwaambia tu "nitumie mishale" bila hata kuona faili lao.

Mtego mmoja lakini, kama nyota zako zote ni za Kilimia usikimbilie kusema gridi, wale ni ndugu, wanasafiri pamoja angani kiasi cha kama sekunde 0.05 ya pembe kwa mwaka, kwa hiyo mishale yao italingana na wala sio kosa la gridi. Ongeza nyota za maeneo mengine kabla hujahukumu.

Dalili: tofauti ni kubwa, kama nusu digrii, na ni nyota zote

Hapa karibu kila mara katalogi moja ni ya B1950 na nyingine ya J2000, yaani gridi ya mwaka 1950 na gridi ya mwaka 2000. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya watoto inayotaka kuanguka, mzunguko mmoja unachukua kama miaka 26,000, na kwa vile gridi ya RA na deklinesheni imefungwa kwenye huo mhimili basi gridi nzima inateleza karibu sekunde 50 za pembe kila mwaka. Miaka 50 ni kama digrii 0.7 ukiipima kwenye njia ya jua.

Chukua Sirius. Kwenye J2000 iko RA saa 6 dakika 45 sekunde 9, deklinesheni nyuzi -16 dakika 43. Kwenye B1950 utaikuta saa 6 dakika 42 sekunde 57, nyuzi -16 dakika 39. Ukipiga hesabu ni kama dakika 32 za pembe, yaani upana wa mwezi mpevu na chenji kidogo. Ukiona tofauti ya ukubwa huu usihangaike na kitu kingine chochote, kasome kichwa cha katalogi utafute neno ikwinoksi (mwaka wa gridi), halafu geuza kwa programu inayojulikana, Astropy inafanya na ni ya bure, usijaribu kuandika fomula yako mwenyewe usiku wa manane.

Dalili: nimegeuza B1950 lakini nusu sekunde bado imebaki

Hii inawaumiza wanaofanya kazi kwa makini kuliko wengine. Umegeuza mwaka tu, hujageuza mfumo. B1950 inakwenda na katalogi ya msingi iliyoitwa FK4, na J2000 ya mwanzo inakwenda na FK5, na kati ya hizo mbili walibadilisha kiasi cha presesheni (ule mteremko wa gridi) kilichokuwa kinatumika tangu enzi za mwanaastronomia Newcomb, wakasahihisha pia sehemu RA inapoanzia kuhesabiwa, sekunde 0.035 za saa kwa mwaka 1950, ambayo ni kama sekunde nusu ya pembe. Juu ya hiyo, katalogi za FK4 ziliacha ndani yake kipande kidogo cha aberesheni (nyota kuonekana imesogea kwa sababu ya mwendo wa dunia) kinachofika sekunde 0.34 ya pembe, wanakiita E-temu, lazima kitolewe. Kwa hiyo kwenye programu usichague "sogeza mwaka", chagua "toka FK4 kwenda FK5" au kwenda ICRS (gridi ya kimataifa ya sasa), na uiambie tarehe ya vipimo. FK5 na ICRS zenyewe zinapishana kwa makumi ya milisekunde za pembe tu, kwa kamera zetu hizi hutaona.

Dalili: nyota nyingi zimetulia ila chache zimekimbia

Hapa ndo alipokuwa dogo wa Tabora na hapa ndo nitakaa sana maana ndo panapochanganya watu wote.

Kuna maneno mawili, ikwinoksi na epoki, na watu wanayachukulia kama kitu kimoja. Ikwinoksi ni gridi ilivyokaa mwaka gani. Epoki ni tarehe ambayo nyota ilikuwa pale inaposemwa. Unaweza kuwa na gridi ya mwaka 2000 na nyota ya mwaka 1991 juu yake, na ndivyo Hipparcos ilivyo, gridi yake ni ICRS ambayo kwa macho ya kawaida ni J2000 hiyo hiyo, lakini nyota zimewekwa pale zilipokuwa 1991.25. Gaia DR3 nayo ni ICRS, ila nyota ziko pale zilipokuwa 2016.0. Mtu anaona zote ni "J2000" anadhani ni siku moja, kumbe kati yake kuna miaka 24.75.

Sasa nyota nyingi ziko mbali, miaka hiyo yote haikusogeza kitu cha kuonekana. Zilizo jirani ndo zinakimbia. Nyota ya Barnard inatembea sekunde 10.4 za pembe kwa mwaka, zidisha 24.75 unapata kama 257, dakika nne na kitu! Ukichukua DR2 ukailinganisha na DR3, ambazo epoki zake ni 2015.5 na 2016.0, nusu mwaka tu, Barnard bado itakuonyesha sekunde 5. Hata nyota ya sekunde 0.1 kwa mwaka, ambayo hakuna anayeitaja, itakupa 2.5 kati ya Hipparcos na Gaia.

Dawa yake ni kuzileta zote tarehe moja. Na hapa nina msimamo, najua wengine hawakubaliani nami: usiipeleke Hipparcos mbele, irudishe Gaia nyuma. Mwendo wa nyota kwenye Hipparcos una kosa la kama milisekunde 1 ya pembe kwa mwaka, ukiubeba miaka 24.75 kosa linakuwa milisekunde 25, wakati mwendo wa Gaia kwa nyota za mwanga wa wastani ni safi mara nyingi zaidi. Kosa la mwendo linakua kila mwaka unaoongeza, kwa hiyo safiri na yule mwenye mwendo msafi.

Kuna na katalogi ambazo hazina mwendo kabisa. 2MASS, upimaji wa anga kwa mwanga wa infraredi, ilipiga picha anga kati ya 1997 na 2001, kila nyota na siku yake, na imekuandikia siku hiyo kwenye safu ya tarehe ya Julian (hesabu ya siku mfululizo). Hiyo huwezi kuisogeza popote. Chukua Gaia, irudishe mpaka siku ile ya 2MASS, nyota kwa nyota, linganisha pale.

Na ukichukua data kupitia VizieR (hifadhi ya katalogi mtandaoni) angalia vizuri safu unazozipakua, yenyewe huwa inakuongezea mbele safu za RA na deklinesheni ilizozikokotoa yenyewe kwa mwaka 2000, na nyuma yake zipo safu halisi za katalogi kwenye epoki yake. Zinakaa kwenye jedwali moja. Nimeona mtu kachukua RA ya safu moja na deklinesheni ya nyingine. Tycho-2, katalogi nyingine iliyotokana na satelaiti ya Hipparcos, nayo ina pande mbili, mahali pa nyota pa mwaka 2000 na mahali pale ilipopimwa kweli. Soma maelezo ya safu moja moja, inachosha, lakini inachukua dakika tano tu.

Dalili: nyota za utosini ziko sawa, za kusini zinaharibika

Hili ni kosa la sisi wa huku hasa, na sijaliona likielezwa vizuri popote.

Kigoma iko nyuzi kama 5 kusini ya ikweta na Tabora vile vile, kwa hiyo nyota zinazotupita utosini zina deklinesheni ya karibu sifuri, Orion ndo huyo, tunamwona juu kabisa. Mtu akiandika programu yake anaijaribu kwa nyota anazozipenda na anazoziona vizuri, anaijaribu kwa Orion, inakubali, anafurahi. Tatizo ni kwamba kosaini ya deklinesheni pale ni karibu 1, hata ukiisahau hutajua umeisahau.

Mwendo wa RA kwenye Hipparcos na Gaia umeshazidishwa na kosaini tayari. Ukitaka kuuongeza kwenye RA lazima kwanza uugawe kwa kosaini. Jaribu kwa Proxima Centauri, deklinesheni yake ni nyuzi kama -62.7, kosaini 0.459, mwendo wake upande wa RA ni kama sekunde -3.78 za pembe kwa mwaka. Miaka 24.75 ni sekunde 93.6 angani, lakini kwenye namba ya RA yenyewe ni 204, kwa sababu mistari ya RA inabanana ukikaribia ncha. Ukiongeza 93.6 bila kugawa utabaki na kosa la kama sekunde 50 za pembe na utasema Gaia imekosea Proxima. Kwa hiyo jaribio la programu lifanyike na nyota moja ya utosini na nyota moja ya kusini sana, kila mara, bila kuruka.

Katalogi za zamani zingine zilifanya kinyume, mwendo wa RA wameuandika kwa sekunde za saa na hawakuzidisha kosaini, kwa hiyo huko unazidisha 15 na hugawi kitu. FK5 ni kwa karne badala ya mwaka. Soma kichwa.

Dalili: nyota moja ya ukanda wa Orion imeruka dakika 36 za pembe

Sekunde za kwanza utadhani ni jambo kubwa la kisayansi. Ni alama ya kutoa.

Mintaka, ile ya juu kwenye zile tatu zilizopangana, deklinesheni yake ni nyuzi -0 dakika 17 sekunde 57. Wenzake wawili Alnilam na Alnitak wana -1 kwa hiyo hawana shida. Programu ikisoma "-00" kama namba inapata sifuri, na sifuri haina alama, alama inapotea, nyota inahamia upande wa pili wa ikweta, +0 dakika 17 sekunde 57. Mara mbili yake ni dakika 35 sekunde 54. Mimi hili lilinila siku mbili, nilikuwa nimehakikisha kila kitu, epoki, gridi, kosaini, wenzake wawili wako sawasawa na huyu mmoja kaniruka. Dawa ni kusoma alama peke yake kama herufi kabla hujagusa namba. Ukiwa na kosa lolote linalogusa nyota za kati ya deklinesheni 0 na -1 tu, ni hili, usitafute lingine.

Kwenye vipimo vingine vya haraka haraka: tofauti ikiwa ni mara 15 kamili umechanganya saa na digrii, au sekunde za saa na sekunde za pembe. Ikiwa mara 1000, umechanganya sekunde na milisekunde, Gaia inaandika mwendo kwa milisekunde za pembe kwa mwaka. Na mishale ya RA ikitawanyika ovyo kati ya 0 na 15, yote upande mmoja, kuna mtu alikata RA kwenye sekunde nzima ya saa, sekunde moja ya saa pale ikweta ni sekunde 15 za pembe. Excel nayo ukiiandikia 05:32:00 inaamini ni saa ya ukutani na inaihifadhi kama kipande cha siku, weka safu iwe maandishi kabla hujabandika chochote.

Dalili: nimesahihisha yote, nyota moja haitulii

Hapa angalia mambo matatu. La kwanza, umeshika nyota siyo. Ukiwa upande wa Scorpius na Sagittarius, ambako Njia ya Maziwa imejaa nyota kama dagaa kwenye wavu wa Kibirizi, ukimwambia mashine "nipe iliyo karibu" itakupa iliyo karibu, sio yako. Linganisha mwangaza, kama Hipparcos inasema magnitudi 8 (namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi) na uliyoipata Gaia ni 15 hiyo ni jirani. Na fanya ulinganisho baada ya kuzileta tarehe moja, sio kabla, maana nyota inayokimbia ikishasogea pale ilipokuwa anabaki mtu mwingine na mashine inamshika huyo.

La pili, ni nyota mbili zinazozungukana. Kitu unachopima ni katikati ya mwanga wa wote wawili au mmoja anayeyumbishwa na mwenzake, na mwendo wake hauko kwenye mstari ulionyooka. Hipparcos ilipima kwa miaka mitatu na kitu tu, ikiwa nyota ilikuwa inapinda kipindi hicho, mwendo ulioandikwa sio ule wa muda mrefu. Kwenye Gaia kuna safu inaitwa RUWE, ikizidi 1.4 hivi ujue mstari mnyoofu haukuitosha nyota hiyo. Usiifute kwenye orodha, iweke pembeni na uandike sababu, huenda ndo ya kuvutia kuliko zote.

La tatu, inang'aa mno. Gaia imetengenezwa kwa nyota hafifu, zile za magnitudi 3 kwenda juu kwa mwangaza zinaijaza kamera mpaka kupita kiasi, nyingi hazimo au vipimo vyake si vya kuegemea. Sirius usiitafute huko. Kwa hizo Hipparcos bado ndo mzee wa kazi.

Ikiwa unachopingana nacho ni picha yako mwenyewe

Nyota zilizo chini mwanga wake unapinda kwenye hewa, karibu dakika moja ya pembe nyota ikiwa nusu ya njia kuelekea utosini na kama dakika 34 ikiwa kwenye upeo wa macho. Huku kwetu usiku wa giza ndo wavuvi wamejaa ziwani na taa zao, magharibi chini hapafai kabisa, kwa hiyo subiri nyota ipande. Aberesheni nayo inasogeza hadi sekunde 20.5. Ukitumia nyota za jirani kwenye picha hiyo hiyo kama alama za kupimia, sehemu kubwa ya haya inajifuta yenyewe, ila nyota hizo za alama nazo lazima uzilete kwenye tarehe ya picha, sio uziache 2016. Kwa Proxima kuna na paralaksi, inayumba karibu sekunde 0.77 kila upande kadiri dunia inavyozunguka jua, na katalogi hailiweki hilo kwenye namba ya mahali. Halafu jua pikseli yako ni sekunde ngapi. Kama ni 2, tofauti ya milisekunde 20 waachie wenye satelaiti.

Dogo wa Tabora nilimwambia airudishe Gaia mpaka 1991.25, agawe kwa kosaini, achore mishale upya. Jana usiku kanitumia. Orodha karibu yote imelala kwenye nukta, zimebaki nyota nne, moja kumbe alishika jirani na tatu RUWE iko juu. Nimemwambia hizo tatu azitafutie vipimo vya katalogi za zamani zaidi, tuone zinapinda kuelekea wapi.